Umepewa dakika 10 mbele ya wanachama: mwongozo kamili wa kuandaa na kutoa hotuba

Mara ya kwanza nilipopangiwa kusoma taarifa ya fedha kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha akiba na mikopo, niliiandaa kwa usiku mbili mfululizo. Kurasa 9, zimechapwa vizuri, zina majedwali. Siku ilipofika nikasimama, nikainamisha kichwa, nikasoma. Kwenye ukurasa wa 4 niliinua macho kidogo nikamwona mama mmoja wa mstari wa mbele, mwanachama wa siku nyingi, ameifunga nakala yake na kuilaza mapajani. Mkutano ulipokwisha akanishika mkono, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, kwa hiyo pesa zetu zipo au hazipo?"

Nilikuwa nimeandaa karatasi. Mdomo wangu sikuwa nimeuandaa, wala sikuwa nimeyafikiria masikio ya yule mama. Tangu siku hiyo nimesimama mara nyingi, na nimekaa na wenzangu wengi, makatibu, wahasibu na walimu, kuandaa taarifa zao. Njia ninayoieleza hapa ndiyo tunayoipita kila mara. Nitaieleza kwa mfano huohuo wa taarifa ya dakika 10, maana wengi wetu tunaanzia hapo: kwenye ushirika, kwenye kikao cha wazazi shuleni, kanisani, msikitini, ofisini.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujaandika neno

Mpigie simu aliyekupangia. Dakika 10 hizo zina maswali ndani yake au maswali yana muda wake? Nani anaongea kabla yangu? Watakuwepo watu wangapi, na wengi wao ni akina nani? Kuna maiki? Ni saa ngapi? Anayeongea saa 4 asubuhi ana watu. Anayeongea saa 8 mchana, baada ya pilau, ana miili iliyokaa kwenye viti. Ukipangiwa muda huo, punguza maneno na uongeze visa. Uliza pia kuhusu jengo lenyewe. Ukumbi wa bati usio na dari, mvua ikianza, hata maiki nzuri hushindwa, na ni vyema ujue mapema kwamba huenda ukalazimika kusubiri.

Hatua ya 2: Tafuta sentensi moja ya kwenda nayo nyumbani

Jiulize: mtu akifika nyumbani, mwenzake akamuuliza "wamesema nini huko?", atajibu nini? Jibu hilo liandike wewe, kabla ya kitu kingine chochote. Lisizidi pumzi moja.

Jaribio la kwanza huwa hivi: "Hali ya chama ni nzuri, ila marejesho yana changamoto." Hilo bado ni ukungu. Hakuna atakayelibeba. Uliza tena, changamoto gani, na inamgusaje aliyekaa kwenye kiti? Baada ya kuhangaika kidogo unafika hapa: "Pesa zetu zipo, ila mkopo wako unacheleweshwa na mwenzako ambaye hajarejesha wake." Sasa yule mama amejibiwa. Kila utakachoandika baada ya hapo kiitumikie sentensi hii, na kisichoitumikia kibaki kwenye taarifa iliyochapwa.

Wasemaji wakubwa wa Kiswahili walifanya hivyo. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo, na nia ipo. Mambo matatu, neno moja moja, na hadi leo hata waliozaliwa miaka mingi baada ya vita wanayataja. Machi 1995, akizungumza na waandishi wa habari Dar es Salaam, alikuwa na mambo mengi mazito ya kusema: Muungano, rushwa, ukabila, udini. Akayakusanya yote ndani ya neno moja ambalo kila mwenye nyumba analielewa: nyufa. Profesa Wangari Maathai wa Kenya naye alipenda kusimulia kisa cha ndege mdogo aliyejaribu kuuzima moto wa msitu kwa tone moja moja la maji alilolibeba mdomoni, huku tembo mwenye mkonga mkubwa akisimama kutazama. Kwenye kisa kile hakuna takwimu hata moja ya mazingira, na bado msikilizaji anajua la kufanya.

Hatua ya 3: Andika kwa ajili ya sikio

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Msomaji akipotea hurudi mstari wa juu. Msikilizaji hana mstari wa juu. Akipotea, anaanza kuwaza daladala za kurudi. Chukua sentensi hii, ya aina tunayoikuta kila mwaka kwenye taarifa zetu:

"Katika kipindi cha mwaka wa fedha kilichoishia tarehe 31 Desemba, suala zima la urejeshaji wa mikopo limekabiliwa na changamoto mbalimbali zilizopelekea kuwepo kwa mikopo chechefu yenye jumla ya shilingi 12,437,850 kati ya shilingi 138,000,000 zilizotolewa kwa wanachama."

Isome kwa sauti sasa hivi ulipo. Pumzi inakata kabla hujafika kwenye fedha. Sasa isikilize ikiwa imeandikwa kwa ajili ya sikio:

"Mwaka jana tulikopeshana shilingi milioni 138. Milioni 12 na ushei hazijarudi. Maana yake ni hii: katika kila shilingi 100 tulizokopeshana, 9 bado ziko nje."

Tazama kilichobadilika. Kwanza, watu wamerudi. "Urejeshaji wa mikopo" hauna mtu ndani yake. "Tulikopeshana" ina sisi sote. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mzigo mkubwa kwa neno moja: nani, lini, kwa nani. Lugha ya maofisini inakinyang'anya kitenzi hicho kazi yake na kuigawa kwa "suala zima la", "kuwepo kwa", "zoezi la", "katika kuhakikisha kwamba". Kila ukikuta maneno hayo kwenye rasimu, yafute, kisha utafute kitenzi kilichojificha nyuma yake. Utakipata.

Pili, namba imeshuka hadi ukubwa wa kiganja. Milioni 12, laki 4, elfu 37 na mia 8 hamsini ni halali ya mkaguzi, na iko kwenye nakala yake. Anayesikiliza anahitaji 9 katika 100. Kwa dakika 10 usiwape watu zaidi ya namba tatu au nne za kukumbuka, na kila moja uifuate na maneno "maana yake ni hii".

Tatu, sentensi ni fupi, na kila moja ina jambo moja tu.

Neno la kitaalamu si dhambi, ila lieleze mara ya kwanza tu unapolitumia: "mikopo chechefu, yaani ile ambayo marejesho yake yamesimama". Na Kiingereza cha kuchomekea kiache mlangoni, hata kama nusu ya ukumbi wanakielewa. Ile nusu nyingine ina hisa sawa na wao.

Urefu upime mwenyewe. Soma kwa sauti ya mkutanoni, si ya chumbani, kwa dakika moja kamili ya saa ya simu, kisha hesabu maneno. Mimi hupata kama 110, maana maneno yetu ni marefu na ukumbi mkubwa unataka utulivu. Kwa dakika 10 hiyo ni 1,100. Andika 900. Yaliyobaki yataliwa na salamu, makofi, na yule atakayeomba kiti kisogezwe.

Hatua ya 4: Salamu, itifaki na sentensi ya kwanza

Kwetu huwezi kusimama ukaanza tu. Heshima kwa wakubwa ni jambo la kweli, na mzee ambaye hakutajwa atalikumbuka hilo kuliko hotuba nzima. Lakini nimeshuhudia dakika 4 kati ya 10 zikiishia kwenye vyeo. Kama mwenyekiti au mshereheshaji ameshawataja wote, inatosha kusema: "Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti, ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa." Jina la mgeni rasmi na cheo chake viulize asubuhi hiyohiyo, uviandike, uvitamke mara mbili peke yako. Salamu za dini ukitoa, toa za pande zote zilizomo ukumbini, au tumia "habari za asubuhi", ambayo ni ya kila mtu.

Kisha ruka "napenda kuchukua fursa hii adhimu". Ruka na "sina mengi ya kusema". Ingia moja kwa moja:

"Mwezi wa tatu mwaka jana, mwenzetu mmoja alikuja ofisini kuomba mkopo wa ada ya mtoto. Alikuwa ametimiza kila sharti. Tulimwambia arudi baada ya wiki tatu, kwa sababu siku ile hatukuwa na cha kumpa."

Hapo nyamaza. Hesabu moja, mbili, tatu moyoni. Ndipo uje na ile milioni 12. Kisa kiwe cha kweli na mwenyewe awe amekubali kisimuliwe, hata kama humtaji jina, maana kwenye chama kidogo watu watamjua tu.

Ukumbi ukiwa umepoa sana, tumia tulichokikuta kwa bibi zetu. Ukisema "Kitendawili!" hakuna Mswahili atakayekaa kimya, watajibu "Tega!" kabla hawajafikiri. Watu wakishafungua midomo yao mara moja, masikio nayo yanafunguka. Kitendawili chenyewe kihusiane na jambo lako, na kitumie mara moja tu.

Hatua ya 5: Fanya mazoezi kwa mdomo, siku 5 kabla

Kusoma kimyakimya mara kumi si mazoezi.

Siku ya kwanza, simama chumbani, weka karatasi mbali, washa kinasa sauti cha simu, eleza jambo lako kwa unavyolikumbuka. Itakuwa mbaya. Iache iwe mbaya, na usiifute. Kaa uisikilize ukiwa na kalamu. Pale ulipokwama, aghalabu mpangilio ndio wenye kasoro. Kumbukumbu yako haina kosa. Hamisha sehemu hiyo au ikate.

Kisha hesabu vijazio vyako. Kila mtu ana chake: "yaani", "kimsingi", "kwa hiyo basi", "si ndiyo?", "mnanielewa?", au ule mlio wa "eee" mrefu. Mwenzangu mmoja alikuta "kimsingi" 31 ndani ya dakika 10, na hakuwa amewahi kujua. Dawa yake ni kufunga mdomo. Neno likichelewa kuja, funga midomo kabisa, subiri. Kwako ukimya huo utaonekana saa nzima. Kwao ni pumzi moja, na wanaitumia kumeza ulichokwisha sema.

Siku ya pili na ya tatu, sikiliza mwisho wa sentensi zako. Wengi wetu tunashusha sauti tunapokaribia nukta. Kwa Kiswahili hilo ni hatari, kwa sababu kukanusha kwetu kumo ndani ya kitenzi, na wakati mwingine kitenzi ndicho kinachofunga sentensi. "Milioni 12 hazijarudi." Ukiimeza "hazija", mtu wa nyuma anasikia "rudi" peke yake, anaondoka akijua fedha zimerejea. Beba sauti hadi silabi ya mwisho kabisa.

Siku ya nne, hamia kwenye kadi. Kata karatasi ngumu tatu za ukubwa wa kiganja, andika maneno matano au sita kwa kila moja, kwa herufi kubwa, ukizipa namba. Usiandike sentensi, maana ukiandika sentensi utazisoma. Sentensi mbili tu ndizo za kukariri neno kwa neno: ya kwanza, kwa sababu ndipo woga ulipo mkali, na ya mwisho, ili usitangetange ukitafuta mlango wa kutokea.

Siku ya tano, iseme mbele ya mtu asiyejua habari za chama: mtoto wa darasa la sita, jirani, fundi anayekushonea. Usimuulize "nimeongea vizuri?" Kwa adabu yake atakuambia ndiyo. Muulize "nimesema nini?" Akikurudishia ile sentensi ya hatua ya 2 kwa maneno yake, uko tayari. Akikuambia "umeongelea mambo ya mikopo", rudi mezani.

Hatua ya 6: Siku yenyewe, mwili wako

Moyo utakwenda mbio, kinywa kitakauka, mikono itapoa. Hiyo ni adrenalini, homoni ileile inayomwandaa mtu kukimbia au kupigana, na huwapata hata waliozoea. Usingojee iishe ndipo uongee. Kwa wengi hupungua baada ya dakika mbili za mwanzo, na ndiyo sababu ulikariri sentensi ya kwanza.

Ukiwa bado kitini, vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi 4, tumbo lijae, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi 7. Fanya hivyo mara 5. Pumzi ndefu ya kutoka huupunguzia moyo kasi. Maji yawe ya kawaida na karibu. Soda iache kwa ajili ya baadaye, maana gesi itapanda katikati ya sentensi. Kadi ngumu hazionyeshi mtetemo kama karatasi ya A4 inavyoonyesha.

Ukifika mbele, usianze kuongea huku unatembea. Simama, miguu yote miwili sakafuni, upana wa mabega. Watazame. Kisha fungua mdomo. Mikono iachie ifanye inachofanya ukimsimulia rafiki, isipokuwa mifukoni na kiunoni, ambako wazee wataona kiburi. Macho yagawe: wazo moja kwa mtu mmoja upande wa kushoto, linalofuata kwa mtu wa nyuma kabisa, kisha kulia. Mkubwa wako usimkazie macho muda mrefu. Mpitie kwa heshima, uendelee.

Hatua ya 7: Maiki, projekta na umeme

Fika mapema, mtafute fundi wa mitambo, msalimie, jaribu maiki kwa sentensi yako ya kwanza badala ya kuipuliza. Iweke chini kidogo ya mdomo, umbali wa upana wa vidole vinne. Usikifunike kichwa chake kwa kiganja na usisimame mbele ya spika. Vyote viwili huleta ule mluzi unaofanya watu wazibe masikio.

Slaidi, kama ni lazima, ziwe tatu. Kila moja na jambo moja na herufi zinazosomeka kutoka mstari wa mwisho. Jedwali la safu 12 halisomwi na yeyote. Na jiandae kana kwamba umeme utakatika, kwa sababu siku moja utakatika. Aliyejiandaa kwa mdomo huendelea bila kutetereka.

Hatua ya 8: Kumaliza, na maswali

Ukibakiza dakika moja, rudi kwenye kisa. "Yule mwenzetu wa ada alipata mkopo wake, wiki tatu baadaye, mtoto akiwa ameshakosa masomo. Pesa zetu zipo. Ila mkopo wako unacheleweshwa na mwenzako ambaye hajarejesha wake. Naomba kuwasilisha." Kisha nyamaza kweli. Usiongeze "na jambo lingine dogo nililosahau".

Maswali ndiyo sehemu inayoonyesha kama unawaheshimu watu au la. Kabla ya siku, andika maswali matano unayoyaogopa zaidi, uyajibu kwa sauti. Moja litakuwa kama hili, litaulizwa na mtu aliyesimama na kidole juu: "Mwenyekiti, kila mwaka tunaambiwa kuna wadaiwa sugu. Mbona majina hayatajwi? Au ni wajumbe wa bodi wenyewe?"

Ukumbi utaguna. Mwache amalize. Usitabasamu, usitazame kadi. Rudia swali kwa maneno yako, bila sumu, ili na wa nyuma walisikie: "Mzee wangu umeuliza mambo mawili: kwa nini majina hayatajwi, na kama yumo mjumbe wa bodi." Umempa heshima, na umejipatia sekunde chache za kupumua. Kisha jibu gumu lianze: "Nianze na la pili. Ndiyo, yupo mmoja, na ameshatia saini mpango wa kulipa. La kwanza, kutaja majina kunategemea masharti ya chama na uamuzi wa mkutano huu. Mimi kama mhasibu sina mamlaka hayo, ila Mwenyekiti akiruhusu lijadiliwe, orodha ninayo."

Usipojua, sema hujui, kisha utaje siku na mahali utakapoleta jibu: "Hilo sina takwimu yake hapa. Jumatatu saa 4 itabandikwa kwenye ubao wa ofisi." Na Jumatatu saa 4 iwepo. Ukimkejeli muulizaji mmoja, hata akiwa na makosa, wengine hamsini waliokuwa na maswali watayameza, na watayatema nje chini ya mwembe, mahali ambapo huwezi kuyajibu.

Jioni hiyo, kabla hujalala, sikiliza rekodi ya mkutano kama uliacha simu ikirekodi. Kwenye daftari andika mistari mitatu: tarehe, dakika ulizotumia kweli, na swali la kwanza lililoulizwa. Daftari langu lina miaka kadhaa sasa. Nikianza kuandaa taarifa mpya hulifungua kwenye ule mstari wa tatu, kisha ndipo nachukua kalamu.